Makaroni ya Marehemu Odessa

Unyenyekevu nao una hasara zake, ila watu hawapendi kulisema hilo. Tunafundishwa tangu utotoni tujishushe, tukae nyuma, tuchukue finyango ndogo, na hakuna anayetuonya kwamba iko siku finyango ndogo ndiyo itakayokuwa na mfupa wa kumkaba mtu. Euphrasia, mke wa Respicius, aliyajua hayo Jumapili moja ya Oktoba, mezani kwa watu, mjini Bowie, jimbo la Maryland, Marekani.

Siku hiyo walikuwa wamealikwa yeye, mumewe na binti yao wa pekee, Violet. Violet ni muuguzi, na alikuwa amechumbiwa na Desmond, Mmarekani mweusi, kijana mpole anayefundisha hesabu shule ya sekondari. Harusi ilipangwa Juni. Mwenyeji wao alikuwa mama yake Desmond, Bi Loretta, mjane mwenye nyumba safi na sauti ya chini, ambaye aliwapikia kuku, viazi vitamu, na mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya moshi mpaka zikalegea. Euphrasia alipakuliwa, akaongezewa, akakatazwa hata kunyanyua sahani yake mwenyewe. Kwa mwanamke aliyezaliwa na kulelewa Kamachumu, kukaa kitako katika nyumba ya watu huku mwenye nyumba anahangaika ni adhabu. Mikono ilimwasha.

Kwa hiyo Loretta aliposema kwamba Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, ile ya Novemba, mwaka huu angependa familia zote mbili zile pamoja, Euphrasia aliona mlango umefunguka. Bata mzinga wa siku hiyo hakuthubutu kumgusa, kwani huyo ni wa mwenye nyumba. Pilau aliiacha, asije akaonekana anatangaza kwao. Akatafuta akilini chakula kidogo kuliko vyote, cha kitoto, kisichoshindana na cha mtu. Akakumbuka kile anachokula Bibi Pruitt, ajuza ambaye Euphrasia humhudumia kwa mshahara kule Wheaton: kinatoka kwenye boksi na unga wake wa njano, unakoroga na maziwa, dakika saba umemaliza. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye ataleta makaroni ya jibini.

 Desmond aliweka uma chini. Violet alimkanyaga mama yake mguu, lakini maji yalikwisha kumwagika. Loretta alimtazama Euphrasia kwa muda, kisha akasema, "Sawa, Miss Frasia. Lete." Halafu akaenda jikoni kuchukua keki, akakaa huko muda mrefu kuliko keki inavyohitaji.

Kwenye gari, wakirudi Hyattsville, Violet alilipuka. Kwa kawaida mtoto huyu anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote waliokulia huku. Siku hiyo alitumia Kiswahili ili uchungu ufike.

"Mama, ile si chakula ya watoto," alisema. "Kwao ile ndiyo chakula yenyewe. Hawampi mtu yeyote tu. You have to be chosen."

Ndipo Euphrasia akaelezwa. Katika ukoo wa Desmond, kama katika koo nyingi za Wamarekani weusi, makaroni ya Sikukuu ya Shukrani mtu hajitolei kuyapika. Unapewa. Yanaokwa kwenye oveni, na mgeni kabla hajapakua anauliza kwanza nani kayapika. Jina likiwa halijulikani, anayapita kimya kimya anaendelea na viazi. Nyumba ile kwa miaka arobaini jina lilikuwa moja, la Odessa, mama yake Loretta. Odessa alifariki Februari.

Pasaka iliyofuata, binti zake wawili walileta kila mmoja yake. Mkubwa ni Verdell, mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Richmond, naye alitumia jibini za aina tano na unga uliokaangwa kwenye siagi, juu kukakauka kabisa. Loretta alitumia mayai na maziwa ya kopo, juu kukabaki laini. Kila mmoja aliapa kwamba mama alipika hivyo. Wakaonjeshana. Loretta akasema ya mama hayakuwa hivyo hata siku moja. Verdell akajibu kwamba angalau yake yamepikwa na mtu aliyekuwepo kando ya kitanda mama alipokata roho. Trei zote mbili zilirudi zimejaa, na tangu siku hiyo mtu na dada yake hawapigiani simu.

"Auntie Verdell bado hajasema kama atakuja harusi," Violet alimalizia, na sasa sauti ilikuwa ya kulia. "Asipokuja yeye, nusu ya familia hawaji. Na wewe umeenda kukaa katikati yao."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Euphrasia alitamani gari lisimame ashuke pale pale barabarani. Respicius, aliyeshika usukani, alikuwa anacheka mpaka mabega yanamtikisika. Alisema Wahaya kama wao wanasemwa dunia nzima kwa kujisifu, na kumbe afadhali, kwa sababu mke wake alijaribu mara moja tu kujishusha akaenda kukalia kiti cha malkia.

Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda kazini, Euphrasia alimpigia Loretta simu. Alijieleza yote bila kuficha. Alisema hakujua, alichagua makaroni kwa sababu aliyadhani madogo, na anaomba ruhusa alete wali au chochote kingine. Euphrasia akasikia saa ya ukutani ya nyumba ile ikigonga.

"Hapana," Loretta alisema mwishowe. "Umesema utayaleta. Tafadhali yalete." Kisha akaongeza kwamba Verdell amepata habari, na jana jioni alimpigia simu, mara ya kwanza tangu Pasaka, kuuliza huyo mwanamke ni nani. "Anakuja, Miss Frasia. Anasema anakuja kuyaonja."

Euphrasia aliaga. Jambo moja alilielewa vizuri: kama Verdell ataonja akasusa, mwanawe ataolewa kwenye ukoo uliogawanyika, na sababu ya mwisho ya mgawanyiko itakuwa yeye, mama mtu, na mdomo wake. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ya usaili wa viza.

Basi akaanza kuuliza, na hapo ndipo alipogundua kwamba chakula hiki hakina ukweli mmoja. Bibi Pruitt, anayetoka Vermont, alimwambia kwamba boksi ni la uvivu tu. Makaroni ya kweli yana nyanya zilizopondwa ndani na chenga za mkate juu, na asiyetia chenga hajalelewa. Mjamaika wa ghorofa ya juu alisema yanapaswa kukatwa kwa kisu vipande vya mraba, na yakimwagika kwenye sahani ujue mpishi ameshindwa. Sabine, jirani yake kutoka Bukavu, alisema hayo yote ni kelele, kinachotakiwa ni mchuzi mweupe wa maziwa na kungumanga: "Mama Violet, unatia tu sauce béchamel na muscade kidogo, njo inakuwa bien." Na Awino, Mkenya anayempokea zamu kule Wheaton, alishangaa mtu mzima kukosa raha kwa jambo kama hilo. "Wacha kujistress," alimwambia. "Macaroni ni macaroni. Mix cheese, mix maziwa, weka kwa oven, imeisha."

Violet kwa upande wake alimpa mama yake amri, akazibandika kwenye friji kwa mwandiko mkubwa. Hakuna kitunguu. Hakuna pilipili. Hakuna karoti wala njegere. Chenga za mkate za Bibi Pruitt zibaki Wheaton. Zabibu kavu zilipigiwa mstari mara tatu, ingawa hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kuzifikiria.

Euphrasia alipika makaroni mwezi mzima. Ya kwanza yalikauka, ya pili yakaogelea, ya tatu yalitoa mafuta yakasimama juu. Respicius aliyala yote, asubuhi kabla ya kwenda mji wa jirani wa Alexandria, anakofanya kazi kwenye maegesho ya hoteli, na jioni akirudi. Wiki ya tatu aliuliza kwa adabu kama ndizi zimekwisha Maryland nzima. Akapakuliwa tena.

Kidogo kidogo mkono ulikaa sawa. Njia ya Verdell aliikataa, na ya Loretta pia, maana kufuata mmoja ni kumpiga mwenzake. Alichukua maziwa ya kopo na mayai upande huu, jibini kali na jibini laini upande ule, juu akaacha kuwe na rangi ya kahawia bila kuwa kugumu. Trei ya nane Violet alionja, akajipakulia tena. "Okay, Mama," alisema. "This is good. Usibadilishe kitu." Wiki hiyo Euphrasia alianza kulala.

Siku yenyewe ikafika, Alhamisi. Chakula kilikuwa saa nane mchana, Violet alishatangulia Bowie kusaidia, na Euphrasia aliamka akiwa mwepesi. Makaroni yalichemka, jibini ilikuwa imeparuzwa, mayai yamevunjwa kwenye bakuli. Akaweka siagi kwenye sufuria. Wakati huo huo simu ikaita, na alikuwa dada yake, Leokadia, kutoka Kamachumu, anataka kumwonyesha, kwa mwanga wa taa maana kwao usiku ulishaingia, bati jipya alilopaulia jiko lake. Euphrasia aliegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai. Waliongea bati, wakaongea mvua, wakaongea mke wa kaka yao ambaye hasalimii watu. Leokadia ana maneno mengi na Euphrasia alikuwa na furaha.

Sasa, mwanamke huyu amepika miaka arobaini na mbili. Kila sufuria aliyowahi kuinjika, ya ndizi, ya maharage, ya nyama, ya samaki, ilianza hivyo hivyo: mafuta, halafu kitunguu. Mkono haukuhitaji kumuuliza mwenyewe. Alipoagana na dada yake na kugeukia jiko, vitunguu viwili vilikuwa vimekatwa vyembamba, vimekaangwa kwenye siagi mpaka vikawa vya dhahabu, na juu yake yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameshamimina maziwa yote na jibini yote, vikayeyuka pamoja.

Respicius alitokea mlangoni na tai mkononi. Alivuta hewa akasema leo nyumba inanukia chakula.

Euphrasia aliketi kwenye kigoda akalia. Ilikuwa inakaribia saa sita. Maziwa mengine hayakuwepo, jibini nyingine haikuwepo, na hata akipata duka lililo wazi, hakuna muda wa kuoka upya na kuendesha mpaka Bowie. Alijaribu kuvichokoa vitunguu kwa kijiko, lakini vilikuwa vingi na vyembamba, vimejificha kila mahali. Respicius, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa mtu wa kutania, safari hii alipiga goti pale chini na suti yake.

"Mama Violet," alimwambia, "mtu amekosea kitunguu, hajaua. Yaoke. Tukifika utasema kweli."

Akayaoka. Njia nzima alilipakata bakuli la kioo alilookea, limefungwa taulo, na moto wake ulimpenya mpaka kwenye magoti. Alipanga maneno. Angemwita Loretta pembeni mlangoni, amwambie, na Loretta ndiye angeamua kama yafike mezani au yaishie jikoni. Lakini mlango ulipofunguliwa alikumbatiwa na watu watano kwa mpigo, mmoja akampokea bakuli, mwingine akampokea koti, na alipopata nafasi ya kugeuka makaroni yalikuwa yameshawekwa katikati ya meza ndefu. Kabla hajamfikia Loretta, watu wakashikana mikono kwa sala. Mzee wa ukoo aliomba kwa kirefu, akawataja walio safarini, wagonjwa, na Odessa. Violet alimtabasamia mama yake kutoka upande wa pili, mtoto wa watu, hajui kitu.

Verdell hakuwa na haja ya kutambulishwa. Alikaa kichwani mwa meza, mrefu, mvi zimekatwa fupi, nguo ya zambarau, na mgongo wa mwalimu mkuu ambaye hajawahi kustaafu moyoni. Yeye na mdogo wake walikuwa wamesalimiana kwa shavu, basi. Watu walipoanza kupakua aliuliza lile swali, bila kupaza sauti. "Nani kapika makaroni?"

"Mimi," Euphrasia alisema.

Verdell alijipakulia kijiko kimoja. Hakuna aliyekuwa anakula tena. Alitafuna taratibu, akaacha kutafuna, akaendelea. Euphrasia alishika ukingo wa meza.

"Kuna kitunguu humu," Verdell alisema.

Violet alifumba macho. Euphrasia alisema ndiyo, kipo, na kwamba alitaka kusema tangu mlangoni hakupata nafasi. Hakukitia kwa makusudi. Kwao kila sufuria huanza na kitunguu, na alikuwa anaongea na dada yake kwenye simu, mkono ukafanya ulivyozoea. Aliomba asamehewe. Aliyasema haya akimtazama Verdell usoni, maana aliona bora aibu ya mara moja.

"Mama yetu hakutia kitunguu kwenye makaroni maisha yake yote," Verdell alisema.

"Najua. Nimeambiwa."

Mabega ya Verdell yakaanza kutikisika. Violet alidhani analia, akainuka nusu kwenye kiti chake. Lakini alikuwa anacheka, mwanzoni bila sauti, halafu kwa sauti, mpaka akavua miwani.

"Nimeendesha gari kutoka Richmond nikiwa naogopa," alisema. "Mnajua niliogopa nini? Niliogopa yatafanana. Kwamba mgeni atakuwa ameyapata, na sisi aliotuzaa tumeshindwa." Akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani. "Hayafanani. Hayafanani hata kidogo, asante Mungu. Miss Frasia, haya ni mazuri, na si ya mama, na naweza kuyala kwa amani." Akajipakulia tena, safari hii vijiko vitatu, akainua sahani nyingine tupu akaijaza, akaipeleka kwa mkono wake mpaka mwisho wa meza alikokaa mdogo wake.

Loretta aliipokea kwa mikono miwili. Alisema kwamba siku ile ya Oktoba alipoenda kuchukua keki alikuwa amesimama jikoni anashukuru. Aliposikia mtu mwingine amejitolea, aliona mzigo umemshuka: si yeye, si Verdell, hakuna wa kumshinda mwenzake. Ndiyo maana alimsihi ayalete. Aliogopa kumwambia sababu asije akakataa.

Hapo ndipo Euphrasia alipokumbuka kupumua. Aliona raha imempanda kutoka miguuni, raha ya wazi kabisa, kiasi kwamba alitamani kucheka na kulala kwa pamoja. Respicius alimbonyeza goti chini ya meza. Watu kumi na wanane walikula makaroni yenye kitunguu, na mjomba mmoja alisema kwa siri kwamba kitunguu si kibaya, akaangalia kushoto na kulia kwanza ndipo akasema. Mchana ule wote ulikuwa mtamu. Baada ya chakula Euphrasia hakuzuiwa tena kunyanyua sahani. Loretta alimpa kitambaa cha kukaushia vyombo, Verdell akaosha, na Respicius akapita mlangoni akasema kwa Kiswahili kwamba leo mgeni amepewa jembe. Walipomuuliza amesema nini, Euphrasia aliwatafsiria, wakacheka wote watatu.

Makaroni yaliyobaki Verdell aliyataka yeye. Alikuwa anakaa kwa Loretta mpaka Jumamosi, akasema bakuli atalirudisha mwenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi kengele ya mlango ililia Hyattsville. Respicius alikuwa kazini. Euphrasia alifungua amejifunga kanga, akamkuta Verdell kwenye ngazi peke yake, koti limefungwa vifungo vyote, ameshika lile bakuli la kioo kwa mikono miwili. Richmond iko kusini, na Hyattsville haiko njiani kabisa. Euphrasia alimkaribisha ndani, akapokea bakuli, akashtuka kuona ni zito na lina moto.

"Kwetu chombo hakirudi kitupu," alisema, kwa kukosa la kusema.

"Kwetu pia," Verdell alijibu.

Ndani yalikuwa makaroni. Verdell alieleza akiwa bado amesimama. Jana yeye na Loretta walikaa jikoni kutwa nzima wakibishana, hatimaye wakakubaliana walichokumbuka wote wawili, na kile ambacho mmoja tu alikikumbuka wakakiacha. Leo asubuhi wameyapika pamoja, kwa kupima na kiganja kama marehemu alivyopima. Walipoyatoa kwenye oveni wakaogopa kuyaonja. "Mimi nikionja, ninamtafuta mama," alisema. "Loretta hivyo hivyo. Ukoo mzima utamtafuta humo. Wewe hukuwahi kula mkono wake. Kula, uniambie kweli."

Euphrasia alileta sahani mbili na chai. Alikata pembe, kwa sababu pembe ndiyo yenye rangi, akaonja. Yalikuwa laini, mazito, jibini yake imeiva vizuri. Yalikuwa matamu kuliko yake, hilo alilikubali moyoni bila ubishi. Lakini kulikuwa na kasoro, na ulimi uliiona mara moja. Verdell alikuwa anamtazama mdomo.

Sasa mgeni amekuletea chakula nyumbani kwako, mgeni mwenyewe ni mkubwa wa ukoo anakoolewa mwanao, na siku mbili tu zimepita tangu uponee chupuchupu mezani kwao. Adabu yote ya Kamachumu ilimwambia asifu, anyamaze. Euphrasia alitaka kabisa kusifu. Ila adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza Oktoba, na mwanamke huyu ameendesha gari kuja kuomba kweli.

"Ni matamu," alisema. "Lakini dada, chumvi imepungua."

Verdell aliweka kikombe chini.

"Sema tena."

"Chumvi. Imepungua kidogo." 

Verdell aliisogeza sahani yake pembeni. Kisha akasema kwamba kila Sikukuu ya Shukrani, miaka arobaini, lazima mtu mmoja mezani aseme maneno hayo hayo, na kila mwaka mama yao alijibu kwamba chumvi iko mezani na mikono mtu anayo. "Pasaka hakuna aliyesema," aliongeza. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. Alitoa simu kwenye mfuko wa koti akampigia mdogo wake. "Loretta," alisema, "Miss Frasia anasema chumvi imepungua." Upande wa pili kulisikika ukelele, halafu kicheko, halafu kilio, na Verdell akaiweka simu mezani bila kuikata ili Loretta naye awepo.

"Basi ndiyo yenyewe," alisema.

Akavua koti. Alisema Juni atakuja wiki nzima kabla ya harusi, na kwamba makaroni ya siku hiyo yatakuwa ya aina mbili, haya na yale ya kitunguu, atakayebisha aje kwake. Halafu akavuta sahani yake, na wakala wote wawili, pole pole, mpaka kikaonekana kioo cha chini, wala hakuna aliyeinuka kwenda kuchukua chumvi.